Maji ya Chumvi na Shingo ya Mama

Kwa miaka kadhaa mama yangu alinyimwa maji na watu waliompenda, na kila nikikumbuka damu hunichemka. Hakuna aliyemfungia ndani. Walimletea madumu. Abti yangu, yaani mjomba, ndugu pekee wa mama aliyebaki hai, ana lori la kupeleka mifugo mnadani Garissa. Likirudi kwetu Habaswein, nyuma lilikuwa limebeba madumu ya maji ya mto Tana, yaliyochemshwa na kufungwa kwa kitambaa chekundu ili kila mtu ajue ni ya hooyo, ya mama, na asiyaguse. Maji yenyewe yalitoka mbali, kwa hiyo alimiminiwa kwa kikombe cha chai. Kikombe kikiisha, dumu lilirudishwa chini ya kitanda. Maji ya kisima kilichokuwa hatua chache kutoka mlangoni aliyaona kwa macho tu.

Kosa la kisima lilikuwa chumvi. Maji yetu yana chumvi, sibishi. Sabuni haitoi povu na birika hufanya ukoko mweupe. Mama alipopata jiwe la figo mara ya kwanza, akagaragara mkekani kwa maumivu, nilimpeleka hospitalini. Daktari alimuuliza anatoka wapi. Aliposikia Habaswein, akacheka kidogo na kufunga faili. "Ni maji ya kwenu hayo, mama." Jiwe la pili lilikutana na daktari mwingine, hospitali nyingine, na maneno yale yale, hata kile kicheko. Hakuna aliyechukua damu akatazama ndani yake kuna nini. Abti amekunywa kisima hicho tangu alipoachishwa ziwa na hajawahi kupata jiwe hata la kutupia kunguru, lakini hilo halikumshangaza mtu.

Halafu mifupa ikaanza kumuuma. Uzee, wakasema. Mwenye duka la dawa akamuuzia vidonge vya kalsiamu, na majirani, Mungu awalipe kwa nia yao, wakaleta maziwa ya ngamia juu ya yale tuliyokuwa nayo. Choo kikawa kigumu, chakula kikamkinaisha, akaanza kukaa ameegemea ukuta kutwa nzima, yeye aliyekuwa akigombana na wanunuzi wa mbuzi mpaka wanaomba suluhu. Amechoka, wakasema, amezaa wengi. Akawa analia bila sababu. Akaitwa sheikh akamsomea, na kisomo kilimtuliza, nami sina neno na kisomo. Neno langu ni kwa hawa wenye darubini na sindano, ambao kila mmoja alishika kipande chake cha mama yangu akakipa jina na kwenda zake.

Zaidi ya yote alikuwa na kiu. Kiu ya kutisha, na kukojoa mara kwa mara hadi akaona haya kwenda kwa watu. Ramadhani ile alishindwa kufunga, akawa anajificha nyuma ya boma anywe, na wanawake wakamwona, na maneno yakatembea. Abti alipopata habari kwamba anaiba maji ya kisima, aliweka mjukuu mlangoni amzuie. Alidhani anamwokoa. Sijui kama niliwahi kumkasirikia mtu ninayempenda kiasi kile.

Mimi ni mwalimu wa sekondari Garissa. Shule zilipofungwa nilikwenda nyumbani, nikamkuta mama ameketi kizingitini, midomo imepasuka. Akaniitikia salamu vizuri, kwa heshima, kama anavyomwitikia mgeni. Kisha akaniuliza mimi ni binti wa nani.

Nilimpakia kwenye gari siku ile ile. Abti akapanda nyuma yetu na dumu lake la kitambaa chekundu.

Daktari tuliyemkuta Garissa safari hii alikuwa mwanamke, mgeni wa mji. Alimuuliza mama anatoka wapi, akaambiwa, na mimi nikakaza meno nikingoja kicheko. Hakucheka. Akauliza kuhusu kiu, choo, mifupa, usahaulifu, mawe, akayaweka yote pamoja, akaagiza damu. Jibu lilipokuja, uso wake ulibadilika. Kalsiamu katika damu ya mama ilikuwa imepanda mno. Ndiyo iliyomkausha, ndiyo iliyomvuruga akili. Akaagiza atundikiwe dripu mara moja.

"Dripu ya nini?" abti akaniuliza kwa Kisomali.

Nikamtafsiria alichosema daktari: maji na chumvi.

Abti akasimama. Alitazama ule mfuko wa maji unaoning'inia, akatazama dumu lake, akanitazama mimi. "Sisi tumemlinda na chumvi miaka yote hii," akasema, "na nyinyi mnaimwaga kwenye mishipa?" Nilitaka kumjibu kwa ukali niliokuwa nimeubeba toka Habaswein, lakini mzee wa watu alikuwa karibu kulia.

Daktari alitueleza taratibu. Shingoni, nyuma ya tezi kubwa, ile inayovimba mtu akiwa na rovu, kuna vitezi vinne vidogo kama punje za mchele, vinaitwa parathiroidi. Kazi yake ni kuangalia kalsiamu ya damu isipungue. Kimoja cha mama kimevimba na hakijui tena kuacha kazi: kinaichota kalsiamu kutoka mifupani usiku na mchana na kuimwaga kwenye damu, na figo zinahangaika kuitoa, ndipo kiu, ndipo mawe. Kipimo cha homoni ya vitezi hivyo kilichopelekwa Nairobi kilithibitisha hayo baadaye. Wapo wagonjwa, alisema, ambao hali zao ni nafuu. Hao hunywa maji ya kutosha, huacha vidonge vya kujinunulia, hutembea, na hupimwa damu na mifupa mara kwa mara. Maziwa ya kiasi cha kawaida si adui. Lakini mama yangu, mwenye mawe, mifupa iliyokonda na akili iliyopotea njia, alihitaji kutolewa kile kitezi.

"Maji aliyonyimwa," nikauliza, "yangemsaidia?"

"Yasingemponya. Lakini alihitaji kunywa mengi, mwalimu, sio machache."

Nilitoka nje nikalia kwa hasira tupu.

Siku mbili za dripu na dawa, na mama akafumbua macho akaniita jina langu, lile la utotoni. Kisha akauliza nani amemsuka vibaya vile. Abti bado alikataa habari ya upasuaji. Shingo haikatwi, alisema, ila ya mnyama. Mama alimsikiliza hadi mwisho, akamgeukia daktari kwa Kiswahili chake cha mnadani. "Mimi iko tayari. Kata bole bole tu, shingo yangu si ya mbuzi."

Walimkatia Nairobi. Baadaye midomo na vidole vilimchomachoma kama ganzi, kwa kuwa mifupa yenye njaa ilikuwa inajirudishia mali yake kutoka kwenye damu, na hapo ndipo vidonge vya kalsiamu vilipomfaa, kwa kipimo cha daktari. Kovu ni mstari mwembamba uliojificha chini ya hijabu. Akili imerudi yote, ulimi umerudi na riba. Kilichokataa kurudi ni kimo. Zamani alinizidi urefu. Sasa nikimkumbatia kichwa chake kinafika begani kwangu. Miaka ile mifupa ilipokuwa inaliwa, sisi tulikuwa tunahesabu vikombe, na waliosoma walikuwa wanacheka.

Mwezi uliopita tulirudi Garissa apimwe damu. Daktari wetu alikuwa amehamishwa. Mlango wa chumba ulikuwa wazi, na ndani kijana mwenye koti jeupe alikuwa na mama mmoja aliyemwambia ametoka Eldas, kwenye visima vya chumvi kama vyetu, mama huyo ameshika kiuno, uso umekunjamana. Tukasikia kicheko kidogo.

"Ni maji ya kwenu hayo, mama."

Kabla sijanyanyuka, mama yangu alikuwa keshaingia mle ndani na fimbo yake. Alisimama mbele ya meza, mfupi kuliko nilivyowahi kumwona, akavua shungi lake mbele ya mwanamume asiyemjua, yeye ambaye hajawahi kufanya hivyo maishani, akamwonyesha shingo.

"Wewe daktari," akasema, "wacha kisima. Toa hii mama damu."