Macho ya Manjano ya Bi Sikudhani

Kila Idi akienda kwao Matungu, Swafia alitaniwa kwa kazi yake. Alikuwa katika kikosi cha kukusanya damu mjini Kakamega, na siku nyingi walizunguka shule za upili wakiwa na vitanda vya kukunja, mifuko ya damu na katoni za soda za kuwapa waliojitolea.

Kazi yenyewe aliifuata kwa sababu ya riwaya. Walipokuwa kidato cha pili, yeye na rafiki yake Nabwire walisoma nakala moja ya hadithi ya Bi Sikudhani, mwalimu mpole anayegeuka mumiani asiyeweza kuishi bila damu ya watu. Lakini hamuumi mtu hata mmoja. Anaketi barazani kwa watu, anaona haya kuomba, anangoja apewe. Nabwire alikuwa na selimundu, ugonjwa wa damu aliozaliwa nao, na karibu kila muhula alilazwa akaongezwa damu ya watu asiowajua. Aliposoma ukurasa ambao Bi Sikudhani anabisha hodi kisha anaondoka kabla mlango haujafunguliwa, alifunga kitabu akasema, "Huyu ni mimi kabisa."

Kwa miaka kumi na saba wawili hao waliitengeneza filamu ya kitabu hicho kwa mdomo. Nabwire alikuwa fundi wa nguo katika mtaa wa Shirere, akishona sare za shule. Jioni Swafia alipitia kibandani kwake, na ubishi ukaanza: Bi Sikudhani aigizwe na nani, avae leso ya rangi gani. Nabwire alishikilia kwamba asioneshwe sura mpaka nusu saa ipite, isikike sauti yake tu.

Mwaka jana filamu ikatoka kweli. Ilioneshwa Jumamosi mchana katika ukumbi mmoja mjini, na Nabwire alijishonea gauni jipya la kwendea. Walikaa safu ya tatu. Filamu haijafika mbali, Bi Sikudhani akamrukia mwanafunzi wake mwenyewe akamrarua koo. Kisha kamera ikasogea mpaka uso wake ukajaa skrini nzima, na macho yake yalikuwa ya manjano kama kiini cha yai.

Kitabuni hakuna macho ya manjano. Swafia alikijua kitabu neno kwa neno, hakuna. Macho ya Nabwire ndiyo yaliyokuwa ya manjano, tangu utotoni, kwa ule ugonjwa.

Ukumbi ulipiga mayowe kwa raha. Taa zilipowashwa, msichana aliyekaa mbele yao aligeuka, akamwona Nabwire, akamfinya mwenzake. "Ona macho," alisema, na wote wawili wakacheka.

Nje Swafia alijaribu kumtuliza. "Si ni filamu tu, Nabwire."

"Usiniambie ni filamu tu. Wewe ndiye ulisemanga wataifanya vizuri."

Na ni kweli alisema.

Haikuishia hapo. Wanafunzi wa chuo waliopanga vyumba karibu na kibanda walianza kumsalimia Nabwire, "Bi Sikudhani, leo umekunywa?" Akanunua miwani myeusi, akawa anashona nayo, mishono ikaenda upande. Swafia naye alifika katika shule iliyozoea kumpa foleni ya watu themanini, wakajitokeza kumi na mmoja. Wengine walisimama dirishani wakimzomea wakimwita mumiani. Usiku huo aliwaandikia watengenezaji wa filamu ujumbe mrefu. Alijibiwa kwa mstari mmoja: watu hawalipi kiingilio kumwona mama mgonjwa ameketi barazani. Jibu hilo hakumwonesha Nabwire.

Mwezi wa saba, katika baridi ya mvua, mifupa ya Nabwire ikashikwa na maumivu. Mama yake, Teresa, alipiga simu kutoka hospitali. "Swafia, kuja uongee na mwenzako. Daktari anasema aongezwe damu, yeye anakataa."

Alimkuta Nabwire amelala ubavu, midomo imekauka, miwani bado iko usoni.

"Nabwire, unajua kitakachotokea usipoongezwa."

"Najua. Nimekunywa ya watu wangapi mpaka sasa?"

"Hujakunywa ya mtu. Ulipewa."

"Walitoa kwa sababu hawanijui. Wangeniona, hawangetoa."

Swafia aliwakumbuka wale kumi na mmoja akashindwa kumdanganya. "Wengine hawangetoa," alisema. "Mimi nilitoa mwezi wa tatu. Sijui ilienda kwa nani."

Teresa, aliyekuwa akimkanda miguu, hakuinua kichwa. "Hiyo filamu sijaiona na siitaki. Mimi nakutaka wewe. Nyoosha mkono, mama."

Nabwire alilia kwanza. Halafu akanyoosha mkono.

Wiki iliyofuata Swafia alirudi katika ile shule akamwomba Mwalimu Erastus, wa Kiswahili, dakika kumi kabla vitanda havijapangwa. Akasimama mbele ya vijana akasoma ule ukurasa wa hodi. Nyuma kuna waliocheka mwanzo hadi mwisho. Msichana mmoja aliinua mkono.

"Kwani, Madam, kwa kitabu haumi mtu?"

"Haumi."

"Sasa mbona walimfanya aume?"

Swafia alilikumbuka lile jibu la mstari mmoja, lakini alisema hajui. Siku hiyo walijitolea thelathini na wawili.

Nabwire alitoka hospitali baada ya siku tisa, lakini Shirere hakurudi. Alihamisha cherehani yake kwa mama yake, kule Malava, na huko wateja wake ni wakulima wasiokuwa na habari na filamu yoyote. Swafia humtembelea Jumapili. Wanakula, wanaongea juu ya mahindi na jamaa, na mara nyingine wanacheka sana. Kitabu hakitajwi. Lakini akiwa peke yake Swafia hujikuta bado anatamani mtu mwingine aitengeneze ile filamu upya, kwa upole unaoistahili, na tamaa hiyo humtia haya kiasi kwamba hathubutu kumwambia Nabwire.