Simu ya Alfonce Ilipovuka Mpaka

Pale Kabanga mtu akiharibikiwa na simu haambiwi aende Ngara mjini. Anaonyeshwa kibanda cha bluu nyuma ya wabadilisha fedha, chenye paneli ya sola juu ya bati na maandishi ya mkono mlangoni: MPAKANI LEO, HABARI, NAKALA, UFUNDI WA SIMU. Mwenye kibanda ni Alfonce Ndikuriyo. Watu humwita Injinia, ingawa shule aliishia kidato cha nne, kama mimi jirani yake.

Alizaliwa Kasulo. Miaka ile wakimbizi walipojaa, yeye alikuwa mtoto wa shule ya msingi. Wenzake wanakumbuka mahema na foleni za maji. Alfonce anakumbuka antena. Anasema magari meupe ya misaada yalikuwa na antena ndefu zilizopindwa mpaka mbele na kufungwa kwa kamba, na dereva aliweza kuzungumza na mtu asiyeonekana bila kupaza sauti. Aliporudi nyumbani akaifungua redio ya baba yake kutafuta sauti inakaa wapi. Alichapwa. Redio ilipona, ila kifuniko cha betri hakikuonekana tena, na kwa miaka mingi betri zile zilishikwa na kipande cha mpira wa baiskeli.

Tangu hapo hakuacha. Kompyuta yake ya kwanza aliinunua Mwanza, imetumika, betri yake imekufa, akaja nayo mapajani njia nzima kama amebeba mtoto mgonjwa. Kwenye kompyuta hiyo ndipo alipojifunza peke yake kutengeneza tovuti. Akaiita Mpakani Leo. Humo aliweka bei za maharage na ndizi, saa za mabasi, matangazo ya misiba na ya kazi, na masomo mafupi kuhusu simu. Wafanyabiashara waliisoma, walimu waliisoma, na vijana wetu walioko Dar es Salaam waliisoma ili wajue nyumbani kuna nini.

Somo lililosomwa kuliko yote lilikuwa na kichwa hiki: "Simu yako isikudanganye mpakani." Wanaoishi Kabanga wanalijua jambo lenyewe. Upande wa pili, Burundi, saa yao iko nyuma ya yetu kwa saa moja. Simu ikishika minara ya kule, nayo inajirudisha nyuma bila kukuuliza. Alfonce alieleza vizuri, kwa picha, jinsi ya kuzima saa ya kujipanga yenyewe na kuipanga kwa mkono. Mwishoni akaandika: "Mtu makini hachelewi kwa kosa la simu." Sentensi hiyo aliipenda. Aliwahi kunisomea mara mbili.

Iteka, binti wa dada yake Avelina, alikuwa akiishi kwake. Alikuwa na stashahada ya maabara, na kwa miaka miwili alikuwa ameomba kazi bila kuitwa popote. Wakati akisubiri alimsaidia mjomba wake kibandani: kutoa nakala, kusahihisha habari kabla hazijawekwa kwenye tovuti. Ni msichana asiyesema sana. Akikusahihisha, anaweka kidole kwenye neno na kunyamaza.

Mwezi wa tatu akaitwa kwenye usaili. Kituo kimoja cha afya upande wa Nyarubungo, Biharamulo, kilihitaji mtu mmoja wa maabara, na walioitwa walikuwa wachache. Tangazo alilipata Alfonce, na maombi aliyatuma Alfonce. Kwa hiyo furaha yake ilikuwa ya haki. Tatizo ni kwamba hakuweza kukaa nayo. Siku ileile akaweka picha ya Iteka kwenye Mpakani Leo na maneno: "Binti yetu aitwa Biharamulo." Pongezi zikamiminika.

"Mjomba, sijapata kazi bado," Iteka alimwambia mbele yangu. "Nimeitwa tu."

"Kuitwa ni nusu ya kupata, mama. Wewe jiandae, hayo mengine niachie mimi."

Basi la Biharamulo huondoka Kabanga saa kumi na moja alfajiri. Usiku wa kuamkia safari Iteka alipiga pasi sketi yake, akapanga vyeti kwenye bahasha, akaweka kengele kwenye simu yake ya kitochi. Alfonce akacheka.

"Hicho kitochi kina mlio kama king'ora. Kitaamsha mtaa mzima. Kizime, utaamshwa na simu yangu."

"Kikilia hakina ubaya, mjomba."

"Kizime, Iteka. Mimi ndiye nitakayekuamsha."

Akakizima.

Simu ya Alfonce ilikuwa mpya, wiki haijaisha. Jioni hiyohiyo aliona inasuasua kidogo, akaifuta yote na kuirudisha ilivyotoka kiwandani, kisha akaanza kuipanga upya. Alirudisha namba, picha na tovuti yake. Saa hakuigusa, ikabaki ya kujipanga yenyewe, kwa sababu alipoitazama ilikuwa sahihi. Akaiweka dirishani kama kawaida yake. Nyumba yake iko kwenye mteremko unaotazama bonde la Burundi, na dirisha hilo ndilo lenye mtandao. Usiku mtandao wetu ulilegea, simu ikashika wa ng'ambo. Hata ile saa ya kioo aliyovaa mkononi, anayoionea fahari mno, ilikuwa ikifuata simu. Ukutani kulikuwa na saa ya zamani, lakini betri yake ilikuwa imeisha tangu Krismasi na hakuna aliyejali.

Iteka ndiye aliyeamka kwanza. Alisikia wanawake wakipita barabarani na mizigo ya sokoni, wakizungumza. Akaenda kugonga mlango wa mjomba wake.

"Mjomba, watu wameanza kupita."

Alfonce akatazama saa mkononi, akatazama simu dirishani. Zote mbili zilisema jambo moja.

"Bado sana. Hao wanakwenda mbali. Rudi ulale."

Iteka hakulala. Alikaa kitandani amevaa viatu, bahasha mapajani. Kengele ilipolia wakatoka, Alfonce amebeba begi, anapiga mluzi.

Stendi walimkuta Celestini, wakala wa basi, anafagia maganda ya miwa mbele ya ofisi yake. Hapakuwa na basi wala abiria.

"Injinia, umemsindikiza nani?" Celestini akauliza.

"Iteka. Basi halijaja?"

"Basi? Basi limekwenda. Sasa hivi liko Ngara linapakia."

"Celestini, acha mzaha wa asubuhi. Saa kumi hii imepita kidogo tu." Akanyoosha mkono wenye saa ya kioo.

Celestini akaitazama, kisha akavuta mkono wa shati lake, akaonyesha saa yake ya mshale yenye mkanda uliochakaa. Akaanza kucheka. Hakuwa na nia mbaya. Alikuwa bado hajaelewa.

"Weee! Mwenzetu kalala Tanzania kaamkia Burundi! Mwalimu wa saa!"

Alipomwona Iteka na bahasha yake, kicheko kikamkatika. Akaingia ofisini kumpigia dereva, lakini basi lililojaa haliwezi kusubiri mtu mmoja aliye nyuma kiasi hicho. Akamwitia Iteka pikipiki.

Kilichotokea Kasulo nilisimuliwa na Avelina mwenyewe. Alikuwa amesimama kando ya barabara kuu tangu giza, ameshika kifurushi cha ndizi za kuchoma na mayai ya kuchemsha, ampe mwanawe dirishani. Basi liliposimama alilizunguka dirisha kwa dirisha akiita, "Iteka! Iteka wangu!" Abiria wakamwambia hayumo. Akazunguka tena upande wa pili. Kondakta akamwomba radhi, basi likaondoka. Akapiga simu kwa kaka yake.

"Alfonce, mtoto yuko wapi?"

"Yuko njiani, dada. Anakuja kwa pikipiki."

"Kwa pikipiki kwa nini? Basi nimeliona."

Alfonce alikata simu. Baadaye alimwambia kwamba mtandao ulikatika.

Iteka alifika Kasulo amejaa vumbi mpaka kwenye nyusi. Akapanda gari dogo, akashuka njiani, akapanda jingine. Alipofika Nyarubungo wenzake walikuwa wanatoka. Sista aliyekuwa mlangoni alimsikiliza mpaka mwisho, akampa maji ya kunywa, akamwambia kwa upole kwamba orodha imefungwa. Iteka akarudi mpaka kwa mama yake Kasulo, akakaa huko.

Kabanga watu walianza kuuliza, tena kwa wema. "Injinia, binti yetu amepata?" Waliuliza dukani, waliuliza kanisani baada ya misa, na waliuliza kwenye tovuti chini ya ile picha. Alfonce alivumilia siku chache. Kisha akaandika kwenye Mpakani Leo kwamba Iteka alishindwa kufika kwa wakati "kwa sababu basi lilipata hitilafu ya kiufundi."

Nilikuwa kwenye benchi la kibanda, nasubiri nakala, Celestini alipoingia. Hakusalimia.

"Basi langu liliharibika wapi, Alfonce?"

Alfonce aliendelea kukaza skrubu ya simu ya mtu.

"Nauliza. Liliharibika mlima gani? Tajiri mwenye basi amenipigia kutoka Mwanza, anataka kumsimamisha dereva Wiston kwa kuharibikiwa na gari bila kutoa taarifa. Wiston ana watoto, na siku hiyo aliondoka kwa wakati. Wewe mwenyewe ulikuja ukakuta nafagia."

"Nitairekebisha," Alfonce alisema kwa sauti ndogo.

"Lini? Kwa saa ya huku au ya ng'ambo?"

Mteja mmoja akacheka. Celestini hakucheka. Akatoka.

Nilikuwa bado pale Iteka aliporudi kutoka Kasulo jioni ile. "Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mama. Habari za huko?"

"Nzuri." Akaweka begi chini, akakaa mbele ya kompyuta mahali pake pa siku zote, akaifungua habari ile. Akaweka kidole chini ya neno "hitilafu", akanyamaza.

"Niliandika kwa ajili yako," Alfonce akasema. "Wasije wakasema ulilala."

"Sikulala, mjomba. Nilikuja kukugongea."

Alfonce alizungusha bisibisi mkononi. Mimi nilichukua nakala zangu nikaaga, maana mtu mzima akiwa katika hali ile si vizuri kumtazama.

Aliandika upya. Najua alijaribu mara nyingi, kwa kuwa taa ya kibanda ilichelewa kuzimwa na yeye ni mwepesi wa kuandika. Yaliyotoka yalikuwa mafupi: "Basi liliondoka kwa wakati. Aliyemchelewesha Iteka ni mimi mjomba wake. Simu yangu ilishika saa ya ng'ambo, na nilikuwa nimemwambia azime ya kwake. Dereva hana kosa. Nilichoandika kwanza kilikuwa uongo."

Wiston hakusimamishwa. Chini ya maneno hayo watu wengi hawakuandika kitu. Mmoja tu, ambaye hakutaja jina, alibandika anwani ya lile somo la zamani, "Simu yako isikudanganye mpakani." Hakuongeza neno. Alfonce angeweza kuifuta; tovuti ni yake. Hakuifuta. Ila somo lenyewe alilifungua, akaondoa ile sentensi ya mtu makini. Akaacha mengine.

Kwa miezi kadhaa alibadilika. Simu za watu alitengeneza, lakini aliacha kuelezea. Mtu akimuuliza saa ngapi, alisema, "Muulize Celestini." Mwanzoni tulidhani ni utani, tukacheka. Hakuwa akitania.

Mwezi wa nane Iteka akaitwa tena, safari hii Biharamulo mjini. Maombi aliyatuma mwenyewe, na mjomba wake alijua siku mbili kabla. Hakuna kilichowekwa kwenye tovuti. Jioni ya kuamkia safari Iteka alipiga pasi sketi ileile, akapanga bahasha, kisha akafunga begi.

"Mjomba, leo nitalala kwa mama Consolatha, mke wa Celestini. Ni karibu na stendi."

Alfonce alikuwa ameshanunua saa ya mezani yenye kengele mbili juu, ya kutiwa ufunguo, ikiwa bado kwenye boksi chini ya meza. Hakuitoa.

"Ni vizuri," alisema. "Nikusindikize?"

"Unaweza."

Akambebea begi mpaka mlangoni kwa Celestini. Mama Consolatha akamkaribisha Alfonce ndani, naye akasema amechelewa. Alisimama akimsubiri Iteka aseme neno. Iteka alipokea begi kwa mikono miwili.

"Asante mjomba. Hapa panatosha."

Alfajiri Alfonce aliamka kabla ya kengele ile mpya kulia. Hakwenda stendi. Alisimama gizani kwenye kona ya vibanda vya wabadilisha fedha, mahali ambapo mtu akiwa stendi hawezi kumwona. Aliona Iteka akikabidhi begi, akipanda, akikaa dirishani upande wa kushoto. Basi likawasha taa, likaondoka. Wiston alipiga honi kumuaga Celestini. Alfonce akampigia dada yake Kasulo.

"Shikamoo dada. Basi limeondoka. Yumo."

Upande wa pili ikasikika sauti ya kifurushi cha karatasi.

"Umemwona mwenyewe," Avelina akauliza, "au ni simu yako imekuambia?"

"Nimemwona mwenyewe, dada. Amekaa dirishani, kushoto."

"Kushoto," Avelina akarudia, akakata simu ili avuke barabara, asimame upande wa dirisha hilo.