Fundi Umeme wa Yakobi

Mimi Badru nafunga umeme Makambako mwaka wa ishirini na mbili sasa, na sijawahi kuona mtu kama Emerensiana wa Yakobi. Nasema kweli tupu. Mpaka leo nikimkumbuka nabaki nimeshika kichwa.

Chuo cha ufundi ninakofundisha kilipoanza kutoa nusu ya masomo kwa simu, wa kwanza kununa nilikuwa mimi. Wanafunzi wasome nyumbani kwa video, halafu waje karakana mara moja moja tu kushika vifaa. Umeme kwa simu? Nilibisha mpaka mkuu wa chuo akachoka, akaniambia nijirekodi tu. Basi nikaegemeza simu kwenye boksi la misumari, nikafungua kamera ya mbele ili nione uso wangu, nikafundisha. Na mimi nikifundisha sisemi kulia wala kushoto. Nasema huu unaingia hapa, ule unaingia pale, kama fundi yeyote.

Emerensiana alikuwa mjane wa miaka arobaini na mbili, mkulima wa viazi. Sista Consolata wa zahanati ya misheni karibu na kwao alimwahidi kazi ya kutunza umeme wa pale, chumba cha kujifungulia na vyote, ila alete cheti kabla mwezi haujaisha. La sivyo wangetafuta fundi mwingine. Tulipofanya mtihani wa vitendo zilikuwa zimebaki siku nne.

Watahiniwa walikuwa watano. Kila mmoja afunge soketi kwenye ubao, mimi niwashe na kupima. Soketi zetu za mazoezi zimetumika mpaka alama zimefutika, kwa hiyo usipokumbuka somo umekwisha. Waya wa moto, ule unaoleta umeme, ukae tundu la kulia. Ukikosea, kifaa kinafanya kazi vizuri tu, mpaka siku kinapompiga mtu shoti.

Nikapima ya kwanza, testa ikawaka kushoto. Ya pili, kushoto. Wanne wote kushoto. Damu ikanichemka, nikawasema vibaya, sifichi. Mmoja wao, Abel, akajibu kwa upole kwamba ndivyo nilivyowaonyesha kwenye video. Nikamwambia asinifanye mtoto.

Ya Emerensiana ikawaka kulia. Badala ya kufurahi, nikamshuku. Huyu wa viazi apatie, wanaume wanne wakose? Nikazima umeme, nikamwamuru afungue yote na kufunga upya mbele yangu, na akibabaika namfelisha. Akachukua bisibisi.

Jamani, ile mikono. Ilikuwa na udongo wa Yakobi kwenye kucha, lakini ilikuwa mikono yangu mimi: ninavyokunja ncha ya waya, ninavyouvuta kidogo kuhakikisha umeshika. Somo hilo sikuwahi kumfundisha ana kwa ana.

Nikawasha. Kulia tena.

Nikamuuliza nani kamfundisha.

"Wewe, mwalimu," akasema.

Akafungua kikapu, akatoa kioo cha pembeni cha pikipiki ya kaka yake iliyokufa zamani. Akaeleza kwamba kwenye video ya kwanza aliona jina langu kifuani mwa ovaroli limeandikwa kinyumenyume, tena nashika nyundo kwa mkono wa kushoto, ilhali siku ya usajili nilisaini fomu yake kwa kulia. Basi kila somo aliielekeza simu kwenye kioo, akajifunza kwa kutazama kioo. Masomo thelathini na moja yote.

Nikakaa juu ya ndoo.

"Nilidhani umefanya makusudi," akasema, "kutupima kama tunatazama kweli."

Ningeweza kuitikia tu. Wote walikuwa wananiangalia, na uongo wenyewe alikuwa ameshaniandalia. Lakini niliona aibu mbele ya kile kioo. Nikawaambia kosa ni langu, kamera ya mbele imegeuza kila kitu, kulia ikawa kushoto, na mimi sikuangalia. Nikamwomba Abel radhi kwa jina lake, na wale wanne nikawapangia kurudia mtihani baada ya mimi kurekodi upya.

Kisha nikaazima kioo cha Emerensiana, nikafungua video yangu na kuitazama humo ndani. Pale ndipo nilipojiona kwa mara ya kwanza nikifundisha sawasawa. Nikaandika kwenye fomu yake ya cheti kwamba amefaulu, nikasaini, nikamrudishia fomu na kioo chake.

Fomu aliichukua, akaikunja vizuri. Kioo akakisukuma kwangu.

"Baki nacho, mwalimu," akasema. "Mimi nimeshamaliza."