Misuko Mia Nne Kabla ya Kulala

Kama kuna mtu anayekula jasho la vidole vyake mwenyewe, ni Mama Chapchap. Alianza kusuka barazani kwa fundi viatu, kwenye kiti kimoja cha plastiki ambacho mguu wake ulikuwa umefungwa waya, na baraza ile aliilipia kwa kumsuka mke wa fundi kila Jumamosi. Leo ana saluni ya viti vinne, sinki mbili za kuoshea, na kioo kinachofunika ukuta mzima. Kioo chenyewe alikinunua kwenye hoteli iliyokuwa ikibomolewa, kwa bei ambayo mpaka sasa muuzaji akimwona anavuka upande wa pili wa barabara. Jina alipewa na wateja. Ulikuwa ukikaa kwake asubuhi, mchana uko kazini kwako, kichwa kinang'aa na chenji umerudishiwa.

Halafu likaja jambo la taulo.

Mwalimu mmoja mstaafu, mteja wake wa miaka kumi na minane, alikuja kusukwa misuko ya kulalia nyuma. Mabegani alikuwa amefunikwa taulo jeusi lenye matamvua marefu. Mama Chapchap akasuka, na katikati ya kusuka akasinzia hivyo hivyo amesimama. Vidole havikusinzia. Nywele za shingoni zilipoisha, vidole viliokota kilichokuwa karibu vikaendelea na kazi. Mwalimu alipoinuka kujitazama, taulo likainuka naye. Akageuka kushoto, likageuka. Akageuka kulia, likamfuata.

"Chapchap," akasema kwa upole wa kidarasa, "hii ni staili mpya au umenivisha joho?"

Watu walicheka mpaka mmoja akaangusha ndoo. Asiyecheka alikuwa wifi yake, dada wa mumewe, ambaye ndiye mshirika wake katika saluni ile. Alingoja mwalimu afumuliwe na kuombwa radhi, kisha akakichukua kitana cha mkia cha Mama Chapchap, kile cha kupasulia njia, akakitia kwenye droo, akafunga, ufunguo akautumbukiza kifuani.

"Mwezi uliopita pasi ya nywele ilibakiza kidogo iunguze sikio la mtu. Leo taulo. Hushiki kichwa cha mteja hapa mpaka hospitali waseme una nini."

"Wifi, saluni hii ni yangu."

"Nusu. Na droo iko kwenye nusu yangu."

Nyumbani nako hakukuwa na wa kumtetea. Mumewe ni fundi saa, ana kibanda chake kidogo ng'ambo ya barabara, na ni mtu wa maneno machache. Jioni ile alitoa mfukoni karatasi ya kupokelea saa mbovu, nyuma yake ameandika: 34, 41, 29.

"Nini hizi?"

"Sekunde. Unakoroma, unakoroma, halafu kimya. Pumzi hakuna. Nimekupima usiku wa siku tatu. Saa ikinisimamia sekunde arobaini na moja halafu ikajiendea yenyewe, mimi simrudishii mwenyewe nikamwambia nzima."

Mama Chapchap aliigeuza ile karatasi mara mbili. Kesho yake alikwenda hospitali. Daktari alimsikiliza, akamtazama shingo na koo, akasema dalili ni za kukatika pumzi usingizini, lakini hawezi kutibu kwa kukisia. Ni lazima alale pale usiku mmoja amefungwa nyaya, apimwe. Foleni ya kitanda hicho ilikuwa miezi minne. Miezi minne bila kitana! Akarudi kukaa mlangoni mwa saluni yake mwenyewe, anakaribisha wateja na kuwaambia bei, huku vidole vikisuka hewa mapajani.

Wiki ya nne, siku ya Alhamisi saa mbili asubuhi, simu ikalia. Alikuwa muuguzi wa chumba cha usingizi.

"Mama, aliyekuwa alale leo ameahirisha. Ukitaka kitanda, njoo saa mbili usiku. Usipokuja unarudi kwenye foleni."

"Nakuja."

"Masharti basi. Leo usilale mchana hata kidogo. Kuanzia saa sita hakuna chai wala kahawa. Kucha ziwe hazina rangi. Lete nguo za kulalia. Na kichwa kioshwe, kikauke, kisiwe na mafuta wala nywele za kuongezea, maana nyaya tunazibandika kwenye ngozi."

Mama Chapchap akajishika kichwa. Kichwa chake ndicho kilikuwa kibao cha biashara, na kibao hicho kilikuwa kipya. Kilikuwa na misuko mia nne na kumi na miwili, myembamba kama kamba za viatu, iliyochukua watu watatu siku mbili, na tangu iishe ilikuwa haijapita wiki.

"Mwanangu, tuelewane. Nikifumua ya mbele tu?"

"Nyaya zinakaa mbele, juu, nyuma na karibu na masikio."

"Basi mimi ni msusi, nitakupasulia njia nzuri, kila waya na njia yake, misuko ibaki."

"Mama, hapa si sokoni."

"Kila mahali ni sokoni, ila wengine hawajaambiwa. Haya, tuache kichwa. Chai, saa nane."

"Saa sita."

"Saa saba."

"Mama!"

"Saa sita na nusu, na nakuja na mto wangu, hamtafua foronya."

Upande wa pili kikasikika kicheko kilichozibwa kwa mkono. "Haya, saa sita na nusu. Ila kichwa hakina mjadala."

Alikata simu akiwa ameridhika. Nusu saa si kitu kidogo kwa mtu aliyeanza na sifuri. Kisha akamgeukia wifi yake.

"Wifi, fumua."

"Nifumue nini? Si ulisema hii inamaliza mwaka?"

"Fumua, nitakueleza unafumua."

Wifi alifumua misuko minane, akatazama saa, akatazama iliyobaki, akaguna. Wawili wasingemaliza, na viti vilikuwa vimejaa watu wanaongoja. Hapo Mama Chapchap akasimama mbele ya wateja wake kama anayenadi.

"Jamani, biashara! Anayenifumua misuko ishirini anaoshwa bure. Arobaini, anaoshwa na kukaushwa."

Viti vikabaki vitupu. Mmoja aliuliza kama anaweza kwenda kumwita dada yake. Punde mikono kumi na miwili ilikuwa kichwani, na sakafu ikaanza kufunikwa na nywele bandia kama zulia jeusi.

Tabu haikuwa misuko. Tabu ilikuwa usingizi. Aliyewahi kuchezewa kichwa na watu sita kwa wakati mmoja anajua raha yake. Ilipofika saa tano macho ya Mama Chapchap yalianza kuzama, na saa sita na nusu alikunywa ile chai ya mapatano, akailamba hadi sukari ya chini, nayo ikamsaidia kwa dakika kama ishirini hivi. Kidevu kikashuka.

"Analala!" wifi akapiga kelele. "Akilala hapa, usiku hatalala kule, tumefumua bure!"

Wakati huo akaingia mwalimu mstaafu, yule wa taulo. Alipoelezwa kisa, alivua miwani, akaipangusa, akavuta kiti akakiweka mbele ya mgonjwa, magoti kwa magoti. Alikuwa na uso wa mtu aliyeletewa zawadi.

"Saba mara nane?"

"Mwalimu, nihurumie."

"Saba mara nane!"

"Hamsini na sita. Na nikipona nakusuka na pazia."

"Tisa mara sita?"

"Hamsini na nne. Pazia na fimbo yake."

Saluni nzima ikaingia darasani. Waliofumua walijibu kwa pamoja, aliyekosea alizomewa, na mpita njia mmoja alichungulia dirishani akasaidia kumi na mbili mara kumi na mbili, akaenda zake. Mama Chapchap alijibu, alibisha, alidai mwalimu anapendelea, na kila kidevu kilipoinama alichapwa na hesabu nyingine. Kufikia saa tisa msuko wa mwisho ulikuwa sakafuni. Wakamwosha mara mbili kutoa mafuta, wakamkausha, rangi ya kucha wakaifuta. Kwenye kile kioo cha hoteli alikuwa ameketi mwanamke mwenye nywele fupi laini, mvi zimeingia mbele, na kichwa chepesi hata shingo ilikuwa inashangaa.

Mumewe alivuka barabara, akasimama mlangoni.

"Unamtafuta nani?" wifi akamuuliza kaka yake.

"Mke wangu. Lakini kama hayupo, hata huyu sawa."

Saa mbili usiku kamili Mama Chapchap alikuwa kwenye chumba cha hospitali akiwa amekumbatia mto wake. Kilikuwa na kitanda kimoja, kabati, kamera ndogo kwenye kona ya dari, na kiti ambacho muuguzi alimkalisha. Muuguzi huyo wa zamu ya usiku alikuwa mtu mzima, mpole, na kichwani hakuwa na unywele hata mmoja. Alishika kitana, akaanza kupasua njia ya waya wa kwanza. Mama Chapchap alivumilia ya kwanza. Ya pili ikamshinda.

"Kaka, hiyo njia imekwenda wapi?"

"Kwani imepinda?"

"Imepinda, ikarudi nyuma, ikasahau ilikuwa inakwenda wapi. Lete." Akakichukua kitana. "Niwekee kidole unapotaka, mimi nipasue."

Basi ikawa hivyo. Muuguzi anaweka kidole, yeye anapasua njia bila kioo, muuguzi anapaka gundi na kubandika. Zilipobandikwa zote, za kichwani, za pembeni mwa macho na ule wa kidevuni, nyaya hizo za kila rangi zikawa zinaning'inia mgongoni. Muuguzi akazikusanya azifunge kwa utepe.

"Ukifunga hivyo nikigeuka zinang'oka."

"Ndivyo huwa. Naingia mara tatu, nne kwa usiku kubandika upya."

"Zimefika mikononi kwa nani?" akasema Mama Chapchap, akazivutia begani, akazisuka msuko mmoja mnene, nyekundu juu ya njano, bluu chini, mwisho akakaza kwa utepe. Ilikuwa kazi yake ya kwanza baada ya wiki tatu na siku nne.

Muuguzi aliugusa ule msuko kwa heshima. "Sasa mama, kazi iliyobaki ni kulala tu."

"Hiyo naifanya hata nimesimama. Muulize mwalimu."

Asubuhi waya hata mmoja haukuwa umetoka. Usiku mzima ulisomeka, mwanzo hadi mwisho, na wiki iliyofuata daktari alikuwa na jibu lisilo na shaka: pumzi ilikatika mara thelathini na nane kwa saa. Akaandikiwa mashine ya kupuliza hewa, yenye barakoa na bomba. Mama Chapchap alikataa kununua kitu ambacho hajakilalia, akapewa cha kujaribu mwezi mmoja. Usiku wa kwanza aliyekosa usingizi ni mumewe. Kimya kilimwamsha mara mbili, akaweka sikio, akasikia hewa inaingia na kutoka kwa mpangilio kama saa aliyoitengeneza mwenyewe, akalala.

Baada ya wiki mbili wifi alimtazama Mama Chapchap akifika kazini kabla ya wote, akifagia, akiimba, akigombana na muuza maji juu ya ndoo moja. Alitia mkono kifuani, akatoa ufunguo, akafungua droo.

Mteja wa kwanza alikuwa mwalimu mstaafu. Alikuja na taulo lake la nyumbani, lisilo na uzi unaoning'inia popote, akalikagua tena mbele ya watu, akaketi. Vidole vikaanza, chapchap kama zamani. Njia ya kwanza, ya pili, ya tano. Kufika ya kumi kidevu cha mwalimu kilikuwa kimegusa kifua.

Mama Chapchap akamkonyeza wifi yake, akainama sikioni.

"Mwalimu! Tisa mara saba?"

Mwalimu akashtuka, mikono miwili ikakimbilia kisogoni kupapasa.

"Sitini na tatu! Taulo liko wapi?"