Gakwaya na Umri wa Kulungu

Mume wangu Gakwaya akikutembelea hapa South End, mtaa wetu wa Louisville, Marekani, usishangae akimtazama mbwa wako kabla hajakusalimu wewe. Atamzunguka, atamwangalia mgongo, tumbo na shingo, kisha atakwambia mbwa ana miaka mingapi. Hapo ndipo atakumbuka kuuliza habari za watoto. Mimi nimechoka kumwombea radhi. Yeye ni mtoto wa wafugaji wa milima ya Minembwe kule Kongo, na mimi Nzigire ni wa Bukavu mjini, niliyemjua ng'ombe akiwa tayari kwenye sahani. Tulikutana kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania, tukaoana huko huko. Kwa kuwa lugha ya kwao inanipiga chenga na ya kwetu haijui hata kidogo, nyumba yetu ni ya Kiswahili, isipokuwa binti yetu Uwase, ambaye ukimsemesha Kiswahili anakujibu Kiingereza.

Tulipofika Louisville Gakwaya alipata kazi kwenye ghala moja Jeffersontown, kupanga maboksi. Kazi ni kazi, hatukuwa watu wa kuchagua. Lakini yule mwanamume wa kambini, aliyekuwa akinichekesha kwa visa vya ng'ombe wa kwao, kila mmoja na jina lake na tabia yake, huku alinyamaza. Alirudi, akala, akakaa mbele ya televisheni bila kuitazama. Usingizi ulimkimbia. Mchungaji aliomba, daktari aliandika vidonge, na dada yangu Chimène alipiga simu kutoka Buffalo kila Jumapili akiwa na ushauri mpya. Ushauri wa Chimène hauishi, ila mume wangu alibaki vile vile.

Aliyemtoa humo ni mzee mmoja Mzungu, Royce, aliyekuwa dereva wa foklifti pale ghalani kabla ya kustaafu. Ana shamba upande wa Bardstown, lenye mahindi, soya na kipande cha msitu, na humo wamo kulungu wa mkia mweupe. Siku moja wakati wa chakula alikuwa anaonyesha picha ya dume kwenye simu yake. Gakwaya aliichukua ile simu mkononi mwake bila hodi, akaitazama mpaka chakula kikapoa. Royce akamwalika kuwinda.

Basi akasoma mafunzo ya wawindaji, akapata leseni, akanunua ile fulana ya rangi ya machungwa ambayo sheria inataka. Alipoivaa sebuleni, Uwase na mimi tulicheka mpaka tukakaa chini, maana alikuwa kama koni ya barabarani. Naye akacheka. Nilikuwa nimesahau sauti ya kicheko chake.

Royce alikuwa na sharti moja kwa wageni wake wote: dume asiyefika miaka mitano haguswi. Ukimpiga kijana, kiti chako shambani kimekwisha. Gakwaya hakuliogopa sharti hilo. Kukadiria umri wa mnyama alikunyonya pamoja na maziwa ya mama yake, nani amfundishe?

Mjuaji ndiye hupotea njia. Kwao, pembe ya ng'ombe ni kitabu: kila akizaa, pete inaongezeka, na pembe ndefu ni ya aliyeishi. Kwa hiyo Novemba ile ya kwanza, alipotokea dume mwenye pembe pana, matawi kumi, mume wangu alisema moyoni kwamba huyu ni babu, akapiga. Mimi nilikuwa kazini, namwogesha bibi mmoja ninayemtunza, simu ikalia. Alikuwa Royce, anaomba nimtafsirie.

"Mwambie mumeo huyu ana miaka mitatu tu," alisema. "Kulungu huangusha pembe kila mwaka akaotesha nyingine. Pembe zinakwambia amekula nini na amezaliwa na nani. Miaka yake itafute mwilini."

Nilitafsiri. Kisha Royce akaendelea, bila kupandisha sauti: mwaka unaofuata Gakwaya aje kama kawaida, ila bila bunduki. Watakaa pamoja na kutazama. Mwaka baada ya huo atapewa nafasi tena, na akikosea mara ya pili, basi, wataagana kwa amani.

Nyama ile tuliila sote, mpaka shemeji alitoka Columbus kuja kuionja. Gakwaya peke yake hakuigusa. Nilidhani ni aibu tu, nikamwambia aibu haijazi tumbo.

Lakini alikwenda bila bunduki, kila Jumamosi. Ningependa mngemwona akirudi. Alianza kusimulia kabla hajavua viatu: dume wa mwaka mmoja na nusu ana miguu mirefu na mwili mwembamba, ukimfunika pembe utasema ni jike. Wa miaka mitatu ni mwanamichezo, tumbo limebana, na shingo hata ikivimba wakati wa kutafuta majike, unaona bado ilipoachana na kifua. Mzee ni mwingine. Shingo na kifua vimekuwa kitu kimoja, mgongo umebonyea, tumbo limeshuka, na miguu inaonekana mifupi chini ya mzigo huo. Na akizeeka sana, pembe zenyewe huanza kurudi nyuma. Nilimwambia anaelezea wazee wa kanisa letu, akasema ndiyo, hasa mmoja, akamtaja jina. Usiku ule alilala mpaka asubuhi, nami nilimshukuru Mungu na Royce katika sala moja. Nilijua sasa kilichomo katika kiti kile. Siku watakapokiondoa, mume wangu atarudi mbele ya televisheni.

Ndiyo maana Novemba iliyopita, aliporudishiwa nafasi, nilimfuata. Nilisema nataka kuona. Ukweli ni kwamba niliogopa.

Tulikaa asubuhi katika kibanda cha mbao ukingoni mwa shamba, baridi ikinila vidole. Jua lilipokwisha panda, madume wawili walitoka msituni. Wa mbele alikuwa na pembe za kupendeza mno.

"Baba Uwase, ni ule," nilimnong'oneza. "Mapembe yote ile! Piga."

"Hapana. Tumbo yake imekaza. Ule iko kijana wa kuoa, acha apite."

"Na ule maskini wa nyuma?" Huyo pembe zake zilikuwa fupi, moja imepinda, na alitembea polepole kama mtu asiye na cha kumwonyesha mtu. Gakwaya alimtazama kwa darubini muda mrefu sana. Alisubiri ageuke ubavu. Akasubiri tena anyanyue kichwa.

"Bon," alisema. "Ni yeye."

Alipiga risasi moja, na mnyama akaanguka pale pale. Nilikuwa naangalia zile pembe ndogo na nikaona kiti chetu kimekwenda. Royce alikuja na gari lake, akashuka taratibu, akapiga goti. Alifungua kinywa cha mnyama, akapitisha kidole gumba kwenye magego. Nami niliona: yamesagika, yamebaki karibu usawa wa ufizi.

"Minane," alisema. "Pengine tisa. Nilidhani alikwisha kufa. Meno haya yasingemvusha baridi hii."

Nilimgeukia Gakwaya nimwambie, nikakuta analia. Aliongea nami huku anamtazama Royce.

"Umwambie muzee. Kwetu, siku batu ba bunduki balifika, hawakuuliza ngombe iko na myaka ngapi. Balipiga batoto ba ngombe, balipiga bamama bao ba mimba, balimaliza bote mbele ya macho yangu. Mwaka ule nilipiga ule kijana, nilijiona niko kama bale batu. Na yeye hakunifukuza. Alinikalisha chini, akanifundisha kuuliza kwanza. Umwambie aksanti."

Nimekula na kulala na mtu huyu tangu kambini. Nilijua ng'ombe wao walikwisha, na majina yao nayajua, lakini walikwishaje hakuwahi kuniambia. Jambo hilo nililisikia siku ile nikiwa mkalimani, nimesimama kwenye mabua ya mahindi, na ilinibidi nilitafsiri lote. Nilipofika kwenye wale wenye mimba, nilianza upya.

Royce alivua kofia yake. Akaniomba nirudie maneno ya mwisho, hakuyasikia vizuri.

"Anasema asante kwa kumfundisha kuuliza kwanza," nilimwambia. Kisha nikaongeza la kwangu, ambalo Gakwaya hakunituma: "Na mimi nasema asante. Umenirudishia mume."