Ndevu Zangu za Darasa la Saba

Enzi zetu mtoto hakuanza shule kwa sababu ametimiza miaka saba. Alianza shule siku mdogo wake alipopata nguvu za kuwarudisha ng'ombe zizini. Mimi nilikuwa wa kwanza kuzaliwa, aliyenifuata alikuwa wa kike, na wa kiume aliyemfuata alichelewa kuja duniani kama vile alishajua kuna fimbo ya kuchungia inamsubiri. Kwa hiyo nilichunga. Nilichunga mpaka katambuga za Baba, vile viatu vya tairi, zikanitosha, ndipo akanishika mkono kunipeleka kuandikishwa darasa la kwanza.

Kipimo cha umri kilikuwa kimoja. Unapitisha mkono juu ya kichwa, ukigusa sikio la upande wa pili umefaulu. Wenzangu walijinyoosha mpaka shingo zikapinda. Mimi nilishika sikio, nikapitiliza nikashika na shavu. Mwalimu akanitazama kutoka chini kwenda juu, safari ndefu kidogo, akamwuliza Baba nina miaka mingapi.

"Minane," Baba akasema bila kupepesa macho. "Urefu ni wa ukoo wa mama yake."

Nilikuwa na kumi na miwili. Wajukuu zangu leo wanakata keki kila mwaka, majina yao yameandikwa kwa sukari, na ikichelewa siku moja wananuna. Mimi niliibiwa miaka minne mbele ya macho yangu na nikashukuru, maana bila hivyo ningerudi kwa ng'ombe.

Mambo yakaenda vizuri mpaka darasa la saba. Kijiji chetu cha ujamaa kilikuwa upande wa Mtinko, nyumba zimepangwa mstari, kila mtu anaona kinachochemka kwa jirani. Asubuhi tunakimbia mchakamchaka, mchana tunalima shamba la shule, na katikati ya hayo tunasoma. Sasa huko katikati, ndevu zikaota. Hazikuota tatu za kujifariji kama za wajukuu zangu, ambao wakipata unywele mmoja wanaupiga picha. Zilikuja kwa mkupuo, kidevuni na shingoni, nyeusi, zimejikunja. Kwa vitabu vya shule nilikuwa mtoto wa miaka kumi na minne.

Baba ndiye aliyeogopa kwanza. Mwezi wa saba angekuja bwana mmoja kutoka wilayani kuhakiki majina ya watakaofanya mtihani wa kumaliza shule. Atamtazama kila mtoto usoni, atatazama umri wake kwenye daftari, na asiyefanana na umri wake atakatwa jina. Mwalimu Mkuu aliitangaza habari hiyo mstarini akiwa ananitazama mimi peke yangu. Alikuwa mtu mwema, lakini hakuweza kumdanganyia mtu aliyekuwa na ndevu nyingi kuliko zake.

"Nyoa," Baba akaamuru nyumbani. "Na unyoe kama mwanamume."

Kunyoa kama mwanamume, kwa Baba, ni hivi: maji yanayotoka jikoni yakiwa bado yanatoa mvuke, sabuni ya mche, ile ya kufulia, unaisugua usoni mpaka macho yanawaka, kisha wembe unapanda kutoka shingoni kwenda juu kama unakwangua ukoko wa ugali. Yeye alikuwa na ngozi ya kiboko, akimaliza anang'aa. Mimi siku ya kwanza nilitoka damu, siku ya pili nikavimba, siku ya tatu shingo yote ikajaa vipele vyenye usaha. Uso wangu ukawa kama ugali wa mtama uliosongwa na mtu mwenye haraka.

Tiba zikaanza. Baba alinipaka mafuta ya taa. Mjomba alisema ndimu. Jirani alisema majivu ya moto, na kwa kuwa sikuwa na mahali pa kukimbilia, nikapakwa. Shuleni walinihamishia dawati la nyuma, na Mwalimu Mkuu akaniita pembeni.

"Elia," akasema, "mwenye ndevu atakatwa kwa umri. Mwenye vipele hivyo nitaambiwa nimeleta ugonjwa shuleni. Sasa wewe chagua."

Nililia njia nzima, nisifiche. Niliitaka shule kuliko kitu chochote. Nilikuwa nimeanza na watoto wanaonifika kiunoni, nimevumilia kuitwa babu kwa miaka saba, halafu nishindwe na kidevu changu mwenyewe.

Aliyeniokoa ni Mama, kwa kuwa alikuwa na macho. "Bibi Salome hunyoa wafiwa wote wa kijiji hiki," akasema, "na sijawahi kumwona mfiwa ametoka vipele."

Bibi Salome alikuwa mzee aliyekaa peke yake kwenye njia ya kisimani. Kazi yake ilijulikana. Msiba ukitokea, baada ya mazishi ndugu hukaa mbele yake mmoja mmoja, naye huwanyoa vichwa. Hakunyoa kwa sababu nyingine, na hakuna aliyewahi kumwomba. Mama alikwenda kumbembeleza siku mbili. Bibi akakubali kwa shingo upande, akaniambia nifike jua linapochomoza, siku ileile ambayo bwana wa wilayani alikuwa anatarajiwa. Baba hakuwepo. Alikuwa amekwenda Misigiri kumwona dada yake aliyekuwa mgonjwa, na angerudi na lori asubuhi hiyo.

Nikafika nikitetemeka. Anayejua upepo wa Singida mwezi wa saba hahitaji maelezo. Bibi Salome alikuwa ameacha mtungi wa maji nje tangu jana yake, na maji yalikuwa ya baridi kiasi kwamba nilipoyaona tu meno yakaanza kugongana.

"Shikamoo, Bibi. Hayapashwi moto?"

"Marahaba, mjukuu wangu. Maji ya moto huamsha ngozi. Ukishaiamsha, inagombana na wembe. Sisi tunainyoa ikiwa imelala."

Akanikalisha kwenye kigoda uani, akanimwagia kichwani. Nikamwambia tatizo ni kidevu tu. Akanijibu mkono wake unajua njia moja, kuanzia utosini kushuka chini, na kwamba yeye hanyoi nusu mtu. Basi akaanza na nywele. Ngozi ilikuwa imekaza kwa baridi. Alichukua wembe mpya, akaupitisha taratibu kufuata nywele zilikolalia, kidogo kidogo, anamwaga maji tena, anasubiri, anaendelea. Hakukwangua. Hakuweka sabuni. Alipofika shingoni nilifumba macho nikingoja moto niliouzoea, na moto haukuja. Ila baridi ilinitoa machozi, yakawa yanachuruzika mpaka kidevuni, na kamasi nazo hazikubaki nyuma.

Hapo ndipo wanawake wa kisimani wakaanza kupita.

Bibi Salome akiwa ananyoa haongei na mtu, alikuwa anaogopa kumkata mfiwa. Mama Rehema, jirani yetu, akasimama na ndoo yake kichwani. Akatuona: mimi nimeinamisha kichwa, nusu upara, machozi yananitoka, na Bibi Salome na wembe wake. Akasalimia kwa sauti ya chini. Kimya. Akasalimia tena. Kimya.

Akaiweka ndoo chini, akapiga yowe.

Nilitaka kumweleza, lakini wembe ulikuwa kooni. Nilipopata nafasi ya kufungua mdomo, njia ilikuwa nyeupe. Yowe lilikuwa limeshafika kijijini kabla yangu. Baadaye kidogo nikasikia balozi wetu wa nyumba kumi anagonga ile rimu ya gari iliyoninginizwa mtini, na ukisikia rimu ya msiba unaacha jembe ulipolifikisha.

Bibi Salome hakuharakishwa na kelele. Alinimaliza, akanimwagia maji ya mwisho, akanipaka samli kiasi cha ncha ya kidole. Nikajishika shingo. Ilikuwa laini kama ya mtoto, haiwashi, haichomi. Kwa mara ya kwanza niliamini kwamba mtihani nitaufanya.

Nikakimbia nyumbani kueleza kwamba hakuna aliyekufa. Nilipofika, uani hapakuwa na pa kukanyaga. Wanaume wamekaa na kuni walizoleta, wanawake wana unga, na Mama yuko ndani analia mpaka sauti imemkauka. Nikasimama pale, na akili yangu ikanigeuka. Mama analia. Baba yuko Misigiri. Kumbe habari ilikuwa imekuja kweli nikiwa nanyolewa! Nikajitupa chini nikamlilia Baba yangu kwa moyo wote.

Mama naye, nilikuja kujua baadaye, aliona watu wanaingia wanalia, akajua wamepata habari kutoka Misigiri kabla yake. Na wale watu walikuwa wanalia kwa sababu Mama analia. Hakuna aliyejua nani amekufa, na hakuna aliyeuliza, kwa sababu kumwuliza mfiwa umefiwa na nani ni utovu wa adabu. Kila mmoja alidhani mwenzake anajua. Tulilia kwa umoja na mshikamano, kama tulivyofundishwa kulima.

Shule nayo ikafika, mistari miwili, Mwalimu Mkuu mbele. Pembeni yake alikuwepo mtu mnene mwenye suti ya kaunda na daftari kwapani. Bwana wa wilayani alikuta shule tupu, akaambiwa kuna msiba kwa mwanafunzi, naye akaja kutoa pole.

Na ndipo Baba akatokea, kikapu begani, kuku wawili wa zawadi kutoka kwa dada yake aliyepona.

Aliuona umati. Akaniona mimi, upara unang'aa, nimegaagaa vumbini. Mke wake hakumwona. Kikapu kikaanguka, kuku wakaokoa maisha yao.

"Mama Elia!" akalia kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia tena. "Mama Elia, umeniachia nani?"

Ndani kilio kikakatika. Mama akatoka mlangoni akiwa ameshika kichwa, akamtazama mumewe, ambaye yeye mwenyewe alikuwa akimlilia kama marehemu tangu asubuhi, wanawake wawili wakazimia, na balozi akarudi kinyumenyume mpaka kwenye zizi. Baba alimshika Mama mikono, akanishika mimi mabega, akanitingisha kuhakikisha nimo, kisha furaha ikamzidi akapaza sauti mbele ya kijiji kizima:

"Wote wazima! Mwanangu wa kwanza huyu! Nimemlea miaka kumi na minane, leo mnataka kunipa presha!"

 Mtu wa suti ya kaunda akafungua daftari taratibu. Akalitazama. Akanitazama. Akaja mpaka nilipo, akanishika kidevu, akanigeuza kushoto na kulia kama mtu anayenunua papai.  Miaka saba yote ilikuwa mkononi mwa yule mtu, na Baba yangu mwenyewe ndiye aliyeimwaga.

"Hapa imeandikwa kumi na minne," akasema.

Mwalimu Mkuu akasogea, akakohoa. "Mzee amechanganyikiwa, bwana mkubwa. Sasa hivi alikuwa anamlilia mke wake aliye hai."

Bwana mkubwa akamtazama Baba, aliyekuwa sasa amekumbuka alichokisema. Akanipapasa tena shingoni, asipate hata kipele kimoja. Nadhani alijua. Mtu aliyeniangalia miguu tu angejua. Lakini alikuwa amekalishwa kwenye mkeka wa watu waliolia pamoja tangu asubuhi bila kujua wanamlilia nani, na labda naye alikuwa amedondosha machozi yake mawili matatu.

"Ngozi ya mtoto kabisa," akasema, akaweka alama kwenye jina langu.

Unga na kuni havikurudishwa. Vilipikwa, kuku walikamatwa, na msiba wa hakuna mtu ukaliwa mpaka jioni. Mtihani nikafanya, nikafaulu, nikawa mwalimu. Nimestaafu nikiwa nimewaandikisha watoto wengi darasa la kwanza, na kila baba aliyeniambia "minane" bila kupepesa macho nilimwandikia minane.

Nakaa Mandewa, Singida mjini, siku hizi. Mjukuu wangu mkubwa ana ngozi yangu, maskini. Ana krimu ya kabla ya kunyoa, krimu ya wakati wa kunyoa na krimu ya baada, na bado akitoka bafuni amevimba shingo. Juzi akanijia na simu, macho yamemtoka: "Babu, wataalamu wamegundua maji baridi ni mazuri kwa ngozi laini!" Nikamwambia hongera zao.

Baba alifariki mwaka juzi. Tulibishana sana tuandike nini kwenye msalaba, kwani aliyenipunguzia umri wangu hakuacha rekodi ya wake. Watu walikuja, nisiwasingizie. Ujumbe ulitumwa kwenye simu na jina lake na saa ya mazishi, turubai likafungwa, viti vikaletwa, na jioni vikaondoka. Siku ya tatu nikauliza nani atatunyoa.  Vijana wote walikuwa na vipara tayari, vya mtindo, na Bibi Salome alishatangulia zamani.

Basi kulipokucha nikachota maji ya bomba yaliyolala nje, nikafungua geti makusudi, nikakaa kwenye stuli panapoonekana barabarani. Nikaanza utosini, kushuka chini, kufuata nywele zilikolalia. Machozi yalinitoka, na safari hii si ya baridi. Watu walipita kwenda kazini, masikio yao yameziba kwa vile vidude vya muziki. Kijana mmoja wa bodaboda akapunguza mwendo.

"Shikamoo babu! Leo unajipendezesha, kuna harusi?"

"Marahaba," nikamjibu, naye akaondoka zake anacheka, kijana mzuri tu, hakuwa na ubaya. Nikaendelea kunyoa. Ngozi haikuniwasha hata kidogo. Lakini nilitamani, jamani, nilitamani sana apite Mama Rehema mmoja, anione, aiweke ndoo chini na kupiga yowe kabla hajajua nani amekufa.