Boti Niliyoikodisha Bila Kuipanda

Kwa miaka kumi na mmoja nilikodisha boti ya Mombasa nikiwa Kitengela, bara mbali na bahari, kwenye chumba kimoja juu ya bucha. Nilianza na simu ya mezani katika miaka ya tisini, nikamaliza na ya mkononi. Tajiri wangu, mwenye boti, alikuwa na shamba huku, kwa hiyo ofisi nayo ikawa huku. Wateja walitaka boti nzima kwa ajili ya harusi au wageni wa kampuni, nami niliwaeleza mpaka koo likakauka: mtaondoka saa nne, kivuli kiko nyuma, pomboo huonekana kushoto, choo kiko chini mkono wa kulia. Chini ya dirisha langu ng'ombe walipita na vumbi lao.

Mimi mwenyewe sikuwa nimeipanda hata siku moja. Wateja wakiwa wengi, simu ilinifunga. Wakiwa wachache, nilichotamani ni godoro tu. Shida ilikuwa mama. Alikuwa amehamia kwangu kutoka magharibi mwa nchi, na kanisani aliwatangazia wamama wote kwamba binti yake huenda baharini kama wengine wanavyoenda sokoni. Sikumrekebisha. Niliona aibu, halafu nikazoea.

Kila Desemba nilimwahidi kumpeleka. Alipanga begi, na Januari akalipangua. Hilo lilinichosha kuliko kazi. Kisha magoti yake yakaanza kukataa ngazi, nikajua tusipoenda sasa hatutaenda tena.

Mei moja, mvua ikiwa imefukuza wateja, tajiri akanipa siku mbili. Tulifika Mombasa tukakuta boti iko nchi kavu, imeegemezwa kwa magogo, mafundi wanaikwangua rangi. Tajiri alikuwa amesahau kuniambia. Nilitaka kulia palepale. Nilimkasirikia hata mama, kwa kuvaa viatu vyake vya Pasaka.

"Hii ndio inabebanga watu?" akauliza.

"Ndiyo, mama."

"Si basi nipande."

Mafundi wawili wakamshika mikono, wakampandisha polepole. Akakaa kwenye benchi ya nyuma, mkoba magotini, akaniambia nimwonyeshe kila kitu. Nikaanza maneno yangu ya simu. Niliposema pomboo, aligeuka kushoto, akatazama ukuta na ndoo za rangi. Nikashuka vijingazi, nikafungua mlango wa mkono wa kulia nimwonyeshe choo. Lilikuwa kabati la kamba za kufungia boti.

Fundi mmoja akasema, "Choo iko hii side ingine, madam."

Mama alinigeukia.

"Na wewe, ulipandanga lini?"

"Leo, mama."

Hakucheka wala hakunigombeza. Alisogeza mkoba wake, akapigapiga benchi kando yake.

"Basi kaa, umechoka. Jumapili kanisani nitawaambia tulipanda boti nzima, sisi wawili peke yetu."